Yule "mwalimu wa spelling" wa kwenye grupu la kazini kanivua nguo mbele ya bosi

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule mtu mnamjua. Kila grupu la kazini linaye. Harambee hatoi, wazo hatoi, salamu haitikii, ila herufi ikiteleza tu kashafika mbio kama ambulensi.

Leo nimeandika kistaarabu kabisa: "Stationary imeisha, karatasi na kalamu hakuna, tafadhali ziagizwe." Hata simu sijaiweka chini, huyo: "Stationary yenye A ni kitu kilichosimama hakisogei. Sasa kitu kilichosimama kinaishaje?"

Bosi akaweka kicheko.

BOSI, wakuu! Mtu ambaye nilidhani kazaliwa bila meno! Na jamaa alivyoona kicheko akapata nguvu: "Ya karatasi na kalamu ni stationery, kumbuka E ya envelope ☝️." Kile kidole ndicho kimeniua. Yaani A na E, maneno yanatamkwa sawasawa, wenye lugha yao wenyewe wanayachanganya kila siku, halafu mimi ndiyo ninyooshewe kidole, bosi anacheka! Na karatasi hazijaagizwa!

KalamuKavu: Pole mkuu. Ila kweli, kinaishaje? 😂

Mtoa mada: Na wewe toka hapa.

MzeeWaKoma: Tulieni. Hayo maneno ni ndugu wa damu. Ulaya ya zama za kati, stationarius kwa Kilatini alikuwa muuza vitabu mwenye sehemu yake maalumu, hasa karibu na vyuo vikuu, si mchuuzi wa kuzunguka. Bidhaa za watu wa aina hiyo ndizo baadaye zikaitwa stationery.

Mtoa mada: KUMBE! Alisimama akauza karatasi! Basi nilikuwa sahihi, nampelekea bosi sasa hivi.

KalamuKavu: Usithubutu. Atacheka tena.

Nuktapacha: Wewe kicheko tu unalia? Mimi barua yangu ya kazi ilirudishwa na duara jekundu kwenye discrete. Eti mtunza siri ni discreet, E mbili zishikane. Zikitenganishwa na T ni vitu vilivyo mbalimbali. Si wangeninyima kazi kimyakimya? Duara la nini?

KalamuKavu: Kwa siri zako hizo unazomwaga humu, walikusoma vizuri.

Herufi_Ndogo: Duara ni nafuu. Mimi nimemsifia dada mmoja, nikaandika complement. Kajibu: "Yenye I ni sifa, yenye E ni kukamilishana. Unanisifia au unaniposa?" Tangu jana sijajibu.

Nuktapacha: Tangu jana?? Mwanaume wewe!

MzeeWaKoma: Jibu E, haraka.

Mtoa mada: Wakuu, tulikuwa kwa bosi wangu. Kile kidole…

KalamuKavu: Mkuu kaa pembeni kwanza, hapa kuna posa. Herufi_Ndogo, tuma picha ya hiyo meseji.