Naomba ushauri: kigeti cha ndani cha kumzuia mbwa, mama mkwe anakuja kukaa nasi

MamaBahasha

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, nyumba ya kupanga. Nina mbwa anaitwa Bahasha, dume wa kienyeji wa kilo 20 hivi, rangi ya kaki, ndiyo asili ya jina. Nilikuwa naye Moshi kabla sijaolewa, akaja nami pamoja na mizigo. Mume wangu ni Mwislamu. Mwanzoni aliguna, siku hizi ndiye anayemnunulia utumbo sokoni.

Sasa mama yake anatoka Pangani kuja kutibiwa goti, atakaa kwetu. Mama ni mtu wa swala tano, hataki mbwa karibu na mswala wake wala ndoo yake ya udhu. Ni haki yake, sibishani. Ila kumtoa Bahasha nje siwezi: nyumba haina uzio na bodaboda wanapita mbele ya mlango kama wanafukuzwa.

Tuliweka benchi kwenye mlango wa chumba cha wageni, akaliruka huku anatikisa mkia. Mume akaegesha plaiwudi, akaisukuma kwa pua ikaanguka kwa kishindo, akakimbia, halafu akarudi kuilalia.

Mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, na plasta yenyewe inamomonyoka hata kwa msumari wa kalenda. Nimeona vile vigeti vya watoto vya kubana bila skrubu. Vinaweza kumhimili? Mlango wa chumba una upana wa sm 80, mdomo wa korido sm 110.

Fundi_Ngamiani

Dada, kabla ya vipimo tuanze na mahali. Usiweke geti mlangoni kwa mama. Ana goti bovu, usiku ataamka kwenda chooni: afungue, afunge, akirudi afungue tena, na Bahasha kamlalia njiani. Weka kwenye mdomo wa korido. Chumba, choo na bafu vibaki upande wa mama. Mbwa abaki na sebule, jiko na mlango wa nyuma. Anayefungiwa ni mbwa, mama hapana.

Vile vya kubana vina boliti zenye vikombe vya mpira zinazosukuma kuta pande mbili. Kwa kimbwa kidogo sawa. Wa kilo 20 akisimama kwa miguu ya nyuma akaegemea, kinateleza kidogo kidogo mpaka kinatoka, hasa kwa plasta hiyo yako. Vingi vina urefu wa sm 75 hivi, na huyo ameshakuonyesha anavyoruka. Halafu vina chuma kinachobaki sakafuni hata ukifungua. Mwenye goti bovu atajikwaa hapo siku ya kwanza.

Mimi ningetengeneza fremu kamili ya mbao kama ya mlango, nguzo mbili na kichwa juu, bila kizingiti chini. Inabanwa na kabari, katikati tunaweka mpira wa tyubu ya gari ili ukuta usichubuke. Geti linaning'inia kwenye fremu, ukuta haubebi kitu. Urefu mita 1.1. Fito zisimame wima, mwanya sm 5. Ukizilaza umemjengea ngazi. Na lifunguke kuelekea kwa mbwa, likiwa na ubao wa kulizuia lisipite upande wa pili: akisukuma anazidi kulifunga, komeo halipati shida. Watu wengi hugeuza hapo, kisha wanalaumu komeo.

KipusaWaArusha

Fundi kamaliza ya mbao, mimi niseme ya mbwa. Geti liwepo kabla mama hajafika. Likija siku moja na mgeni, Bahasha atajua mgeni ndiye aliyemfungia, na atabweka kila akimwona.

Anza kumlishia hapo hapo getini, likiwa wazi. Kisha lifunge wakati anakula, lifungue kabla hajaanza kulia. Ongeza muda polepole. Ukimfungulia anapolia umemfundisha kulia. Usimpeleke huko kwa kumgombeza, akipaona jela hatatulia. Mtembeze asubuhi kabla jua halijawa kali. Mbwa aliyechoka hana habari na geti. Maji yawepo kwenye bakuli zito, joto la Tanga mnalijua wenyewe.

Na usidanganyike na vile vya mbao vinavyovutwa na kukunjwa kama zigizaga. Shingo inanasa.

Mwana_wa_Pangani

Shemeji, huenda hili likakupunguzia presha. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayofuata wengi huku pwani, shida ni mate na unyevu wa mbwa: palipolowa panaoshwa mara 7, moja kwa maji yenye udongo. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, na kuguswa na mbwa hakutengui udhu. Kwa hiyo kinachotakiwa ni pua yake isifike kwenye mswala, ndoo na kanga za mama. Fito zenye mwanya zinatosha, ila usianike nguo wala kuweka ndoo karibu na geti.

Maneno hayo amwambie mumeo, wewe usimsomeshe mama mkwe dini.

MamaBahasha

Hahaa, hilo la mwisho nimelipokea kwa mikono miwili. Mume atasema.

Fundi, mdomo wa korido nimekubali, sikuwa nimefikiria choo kabisa. Lakini mama anapenda kukaa sebuleni jioni kusikiliza taarifa ya habari. Bahasha nimpeleke wapi?

Fundi_Ngamiani

Jikoni. Mlango wa jikoni kwako una fremu ya mbao? Kama ipo, kigeti cha pili ni bawaba mbili na skrubu fupi kwenye fremu, ukihama unaziba matundu kwa puti. Mwombe mwenye nyumba kwanza, mwambie ni mbao, ukuta hauguswi. Mimi nitakuja kupima mwenyewe, vipimo vya kwenye simu vimeshanitia hasara.

KipusaWaArusha

Kabla ya kumwacha jikoni, jiko la mkaa litolewe nje na ndoo ya taka iwe na kifuniko kinachobana. Vitunguu ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.