Msimu wa tatu nakimbia kuchangia wodi ya wazazi, hesabu sijaiona hata ya shilingi moja!

Wakuu, salaam. Nina hasira, na uzi huu ni mrefu, asiye na muda apite tu. Jina la mtu wala la kundi sitaji.

Jana jioni simu ikalia. Ujumbe kutoka kundi letu la mbio za hisani hapa Kampala: karibuni tena msimu mpya, ada ya usajili imepanda, jezi ni mpya, na ahadi ya kila mkimbiaji sasa ni shilingi laki tano. Chini yake bendera ya Uganda na vidole gumba. Nikasoma mara mbili nikitafuta habari za pesa za msimu uliopita. Hakuna hata neno.

Mimi nauza viatu vya mitumba soko la Owino. Mzaliwa wa Busia, mpakani na Kenya, ndiyo maana Kiswahili changu mnakielewa. Niliingia kwenye mbio hizi kwa sababu ya dada yangu. Alijifungulia kwenye kituo hichohicho cha afya tunachokichangia, godoro liko sakafuni, ile plastiki ya Mama Kit, kifurushi cha vifaa vya kujifungulia, ndiyo shuka. Niliposikia kuna watu wanakimbia ili wodi ipate vitanda, sikuuliza mengi. Mwaka wa kwanza kilomita 10 tu, na mlima wa Naguru ulinitoa roho. Mwaka wa pili nikapiga nusu marathoni, kilomita 21. Mwaka huu nataka nzima, 42.195, na miguu inaweza. Kinachoniumiza ni daftari.

Maana sokoni huwezi kumtumia mtu barua pepe ukaomba mchango. Nabeba daftari, napita kibanda kwa kibanda, naandika jina na kiasi, mtu anatia sahihi. Mama wa maharagwe 2,000. Vijana wanaopiga nguo pasi za mkaa, mia tano mia tano, na wao wenyewe siku hiyo hawajala. Mzee wa vitenge, Mkongomani, 20,000 na dua juu yake. Msimu uliopita nilifikisha 1,340,000. Wengi walituma kwa simu, na mnajua ukitoa pesa serikali inakata 0.5% yake, wakala naye ana chake. Pengo hilo nililiziba mfukoni mwangu ili hela ifike kamili. Sasa kila asubuhi nikifungua kibanda: "Mama Viatu, vile vitanda vipo?" Niwajibu nini?

Nilichopewa mimi ni picha. Baada ya mbio waliinua hundi ya maboksi kubwa kama mlango, wamepanga mstari, wanacheka. Mwezi wa pili nikachoka kusubiri, nikapanda taksi nikaenda kujionea. Muuguzi wa zamu akanipokea vizuri, maskini. Akasema walipata magodoro sita na rangi ya ukuta. "Vitanda na sisi tunavisubiri, mama." Rangi kweli ni nzuri. Ya kijani.

Sijasema mtu ameiba, msinilishe maneno. Nauliza iliingia ngapi, ikatoka ngapi, risiti ziko wapi. Niliuliza hivyohivyo kwenye kundi, kwa adabu, nikaanza na "samahani mkubwa". Mratibu akanijibu kwa habari za Kiprotich, yule mkimbiaji wetu wa marathoni! Eti Uganda ilikaa miaka 40 tangu dhahabu ya Olimpiki ya Akii-Bua, mruka viunzi, mwaka 1972 hadi Kiprotich alipoleta nyingine London 2012, kwa hiyo tujifunze subira. Mkubwa, Kiprotich alimaliza kwa saa 2:08:01 na hakuwa amebeba daftari la watu wa Owino. Kisha akafunga kundi, wasimamizi tu ndio wanaandika.

Na mazoezi yenyewe? Jumapili tunaanza saa kumi na moja alfajiri. Jua letu hapa linatoka karibu na saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo zaidi ya saa nzima ni giza. Msimu uliopita walitupeleka kilomita 28, Lugogo hadi Seeta na kurudi, kwenye barabara ya Jinja, malori ya kutoka mpakani yanakupulizia moshi usoni, boda boda haina taa na inakuja upande wako. Tuliahidiwa gari la kutangulia na maji kila kilomita tano, na hayo yote yako ndani ya ada. Gari la maji lilitukuta Kireka tunarudi, tumeshajinunulia wenyewe. Dada mmoja aliingia shimoni pale Banda, kifundo kikavimba kama embe. Tukampakia boda kwa pesa zetu. Hakuna aliyempigia simu kesho yake, na leo naona picha yake kwenye tangazo la msimu mpya!

Jezi nazo zote saizi ya mtoto wa sekondari. Tuachane nazo.

Najua kuna wa kuniambia, si uache? Mnicheke, ada nimeshalipa. Nimelipa usiku uleule, hasira na yote. Kundi lile ndilo lililonitoa kwenye presha, na wanawake kumi ninaokimbia nao hawana kosa. Tena nikiacha, wale wa daftari watasema nimekula hela zao nikakimbia. Wallahi watasema.

Jumapili hii tunaanza na kilomita 8 Kololo. Nitakuja na daftari nimelifunga kiunoni, kurasa zote 14, nimsomee mratibu jina kwa jina kabla hatujanyoosha misuli. Mchango mpya sikusanyi mpaka karatasi ya hesabu ibandikwe kwenye ule ukuta wao wa kijani, muuguzi aisome na mimi niisome.

Nyie mnaokimbia mbio nyingine za hisani, Jinja, Mbarara, Arua, huko hesabu mnapewaje? Na je, mtu akitaka risiti anaitwa mchochezi kama mimi?