Mchambuzi kasikia E ya Smetana, kadhani ni maiki yangu inapiga mluzi!!

Wakuu, mods naomba msiuhamishe huu uzi. Nina hasira mpaka naandika nikiwa nimesimama.

Mnamjua. Sitaji jina, sitaki kesi, lakini mnamjua. Yule ambaye kwake kila albamu "inakosa hewa". Ukirekodi ukumbini inakosa hewa, ukirekodi studio inakosa hewa, na siku mtu akirekodi kileleni mwa mlima kwenye kimbunga ataandika kwamba wapigaji ni wazuri ila albamu inakosa hewa. Huyo huyo.

Leo katoa uchambuzi wa ile albamu ya kwateti ya nyuzi (wapigaji wanne: violini mbili, viola ambayo ni kubwa kidogo kuliko violini, na sello). Fundi sauti wa kazi ile ni mimi. Smetana, mtunzi wa Kicheki, Kwateti Namba 1, E maina, "Kutoka Maisha Yangu". Naanza kusoma. Aya ya kwanza kawasifia wapigaji, safi. Aya ya pili kaisifia polka ya sehemu ya pili, safi, polka imekaa vizuri hata mimi naikubali. Aya ya tatu sasa. Shikeni viti.

"Kwa bahati mbaya, karibu na mwisho unasikika mlio mwembamba wa kukera ambao fundi alipaswa kuufuta."

ALIPASWA KUUFUTA.

Wakuu, mlio ule ni NOTA. Imeandikwa kwenye karatasi. Ni E ya juu kule inapigwa na violini ya kwanza, inashikiliwa peke yake juu huku wenzake watatu wanatetemesha pinde chini. Smetana aliziwika mwaka 1874, kwateti akaiandika 1876, na ile E ndiyo mluzi uliokuwa unamlilia masikioni kabla dunia haijamzimikia. Muziki unacheza, unafurahi, ghafla kimya, halafu huo mlio. Kipande kizima cha karibu nusu saa kinasubiri pale. Ni sawa na kusoma hadithi ya mtu aliyevunjika mguu halafu ulalamike kwamba mhusika anachechemea.

Fundi alipaswa kuufuta! Smetana mwenyewe alitafuta waganga wa kuufuta akakosa, mimi nani?

Mnajua nilifanya nini kwa ajili ya ile nota? Nilizima kiyoyozi. Nilizima taa moja iliyokuwa inavuma ambayo hakuna binadamu mwingine aliyeisikia. Saa ya ukutani niliitoa betri. Nilivua viatu. Mpiga violini ya kwanza aliirudia mara kumi na moja kwa sababu mara ya tano upinde ulitikisika kidogo, na mara ya nane kiti cha mpiga sello kililia nyiii (hicho ndicho kilio nilichofuta, bwana mchambuzi, kiti!). Maiki niliisogeza upana wa kidole kimoja, nikarudi kusikiliza, nikaenda kuisogeza nusu kidole. Tumetoka pale usiku, wote tumechoka, E imesimama kama sindano. Nikasema leo nimefanya kazi.

Halafu mtu amekaa kwake na kikombe mkononi: alipaswa kuufuta.

Kakata nyota moja kwa ajili hiyo. Nyota nzima! Nne zikawa tatu. Yaani nota ikipigwa vibaya unakatwa, ikipigwa vizuri sana inaitwa hitilafu ya umeme. Naomba mnishauri nimjibu au nimwachie Mungu. Kuufuta jamani. KUUFUTA.

kaa_pembeni: Wa kwanza. Nipo nimekaa pale.

Mama Sonata: Punguza povu mkuu. Kwani kakutaja jina? Kasema "fundi" tu. Ungekaa kimya hakuna ambaye angejua ni wewe, sasa tumejua wote.

UpindeMmoja: Eti alivua viatu 😂😂 Kuna mtu anarekodi soksi zake huko.

ViolaMpweke: Ndugu yangu, nakuonea huruma lakini wewe angalau umetajwa. Rudi kwenye ile aya ya kwanza unayosema "kawasifia wapigaji, safi". Umeisoma vizuri? Kaandika "violini ya kwanza inafungua kwa uchungu wa kipekee". INAYOFUNGUA NI VIOLA. Ile sauti ya kwanza kabisa, ile inayokata kama kisu wenzake wakiwa wameshikilia kodi (nota kadhaa kwa pamoja) nyuma, ni viola, na kila mpiga viola duniani anaisubiri maisha yake yote kwa sababu tukimaliza hapo tunarudi kuwa nyuki katikati ya mzinga. Kipande hiki kilipopigwa faraghani Prague mwaka 1878, aliyeshika viola alikuwa mtunzi mkubwa Dvořák. Dvořák! Na huyu leo kampa violini. Wewe umekatwa nyota, sisi tumenyang'anywa uhai.

Mleta uzi: @ViolaMpweke pole, ila tusichanganye mada. Hapa tunaongelea KUUFUTA.

ViolaMpweke: Ndiyo kawaida yenu. Hata kwenye uzi wa malalamiko viola inawekwa nyuma.

Kotapini: Nimesikiliza kwa simu, spika ya simu, sijasikia mlio wowote. Wala sello sijaisikia. Ina maana wako wangapi?

UpindeMmoja: Wanne mkuu. Wewe umesikia wawili na nusu.

Profesa wa Jikoni: Samahani mleta mada, kuna jambo la kurekebisha. Kwenye barua yake kuhusu kipande hiki, Smetana anasema mluzi aliokuwa anausikia ulikuwa kodi ya A flati meja, juu kabisa kama pikolo, ile filimbi ndogo. E aliichagua kwa ajili ya muziki. Kwa hiyo kusema "ile E ndiyo mluzi uliokuwa unamlilia" si sahihi sana.

Mleta uzi: Sasa mkuu unataka nirudi studio nikaibadilishe iwe A flati ndiyo mchambuzi aridhike?

Profesa wa Jikoni: Sijasema hivyo. Nimesema tuwe sahihi.

Mama Sonata: Profesa, hujambo? Kila uzi upo.

msikilizaji_tu: Ngojeni kwanza. Kwa hiyo ule mlio SI hitilafu?? Mimi mwaka jana nilinunua toleo la kwateti nyingine ya kipande hikihiki, nikasikia mlio huohuo, nikarudisha hedifoni. Wakanipa mpya. Nikasikia tena. Nikarudisha tena. Nikaenda na kupimwa masikio.

UpindeMmoja: 😂😂😂😂 nimeanguka

kaa_pembeni: Mleta uzi naona mchambuzi wako ana jeshi.

Mleta uzi: Nimeishiwa nguvu.

FugaKubwa: Wachambuzi walikuwa hivi toka zamani, msishangae. Mwaka 1826 Beethoven alitoa kwateti yake ya opus (kazi namba) 130 na ile fuga ndefu (sauti zinazofukuzana kwa melodi ileile) mwishoni, gazeti la muziki la Leipzig likaandika fuga haieleweki, kwao ni kama Kichina. Mchapishaji naye akapenyeza maneno, mzee akakubali kuandika mwisho mwingine, na fuga ikachapishwa peke yake kama opus 133. Kwa hiyo mkuu usimjibu huyo, mwandikie mwisho mpya.

Sello ya Mwisho: Kwa kuwa ni siku ya malalamiko: mwaka juzi huyohuyo aliandika kwamba sello yangu "inanguruma vyema chinichini". Kunguruma! Nilipiga melodi ya Largo, ile sehemu ya tatu ya taratibu, mwanzo peke yangu, Largo ile ni ya mapenzi ya kwanza ya Smetana na mke wake aliyekwisha kufa, nikaweka moyo wangu wote, nikaambiwa nanguruma kama jokofu. Na kiti changu hakilii, mleta uzi. Nimekusoma.

Mleta uzi: Sikukutaja wewe.

Sello ya Mwisho: Mpiga sello yuko mmoja kwenye kwateti.

Kotapini: Ooh kumbe wapo hapahapa. Nipisheni nikalete kiti changu, kisicholia.

BintiRosini: Mimi yangu ni hizi programu za kusikilizia muziki. Unafungua kwateti, sehemu nne, inazichanganya. Unasikia Largo, halafu tangazo, halafu mwisho, halafu mwanzo. Na mahali pa "msanii" wameandika Smetana, kana kwamba ndiye anapiga. Marehemu tangu 1884 na bado ana "wafuasi wa mwezi". Halafu eti "wimbo". Ni WIMBO gani huo usio na maneno?

Kotapini: Wimbo ni wimbo, acheni kujikweza.

BintiRosini: Wewe umesikia nyuzi mbili na nusu, kaa kimya.

Mama Sonata: Afadhali programu. Ubaya uko kwa wanaopiga makofi katikati ya sehemu. Kipande hikihiki, nimekaa ukumbini, pale mwishoni muziki unaposimama ghafla, kaka mmoja nyuma yangu akadhani ndiyo imeisha, akasimama kabisa. "BRAVO!" Watu kumi na wengine wakamfuata. Na E ikaingia juu ya makofi. Yule mpiga violini uso wake siusahau.

FugaKubwa: Enzi za Beethoven watu walipiga makofi katikati na wakadai sehemu irudiwe palepale. Siku ile ya 1826 sehemu mbili za kati zilirudiwa, fuga haikudaiwa, na inasemekana mzee alipopewa habari aliwaita watu wale ng'ombe na punda. Makofi katikati si dhambi.

Mama Sonata: Ni dhambi.

Profesa wa Jikoni: Inategemea tunamaanisha nini tukisema "katikati".

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Nimjibu au nisimjibu?

msikilizaji_tu: Nani?

UpindeMmoja: Mimi napiga makofi hata kabla hawajaanza, wakiwa wanalinganisha nyuzi. Nani kasema ile si sehemu ya kwanza?

Mama Sonata: Mods, huyu afungiwe.