Slaidi za uvimbe wa mbwa zimerudi "hazisomeki", nirekebishe wapi?

kliniki_ndogo:
Madaktari, habari za kazi. Mbwa dume wa miaka 9 ana uvimbe wa sentimita 3 ubavuni, chini ya ngozi. Nilivuta seli kwa sindano ya geji 18 na bomba la mililita 10. Jibu la maabara: damu nyingi, seli zimepasuka. Slaidi zilisafiri mfuko mmoja na chupa ya fomalini (dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili) yenye kipande cha uvimbe wa mbwa mwingine.

saitolojia:
Geji 18 ni nene mno, chukua 22 au 23 (namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba). Jaribu kwanza bila kuvuta: choma sindano peke yake, ipeleke mbele na nyuma mara sita hivi ndani ya uvimbe, chomoa. Seli hupanda zenyewe. Pachika bomba lenye hewa, sukuma mara moja juu ya kioo. Ukilazimika kuvuta, achia pistoni kabla ya kuchomoa, la sivyo sampuli inakimbilia ndani ya bomba. Damu ikionekana, acha hapo hapo.

Seli hupasuka kwa kukandamizwa. Laza slaidi ya pili juu, iteleze kwa uzito wake tu, kisha peperusha ikauke upesi. Andika kwa penseli. Wino huyeyuka kwenye methanoli, kimiminika cha kugandishia seli kabla ya rangi.

benchi_la_maabara:
Kubwa hapo ni fomalini! Mvuke wake hutoka hata kwenye chupa iliyofungwa, na slaidi ikishaupata rangi haishiki sawasawa. Tuma kifurushi tofauti kabisa. Wala usiweke slaidi kwenye friji, unyevu ukitua juu seli zinaharibika.

Tena usiseme ni uvimbe wa mafuta kwa kupapasa tu, daktari. Uvimbe wa seli za masti (seli za kinga zinazohusika na mzio), ambao ni saratani, nao huweza kuwa laini vilevile. Tafuta chembe za zambarau ndani ya seli. Rangi ya haraka ya kliniki wakati mwingine haizishiki. Ongeza dakika kwenye methanoli au tumia rangi ya Giemsa.

kliniki_ndogo:
Asanteni sana. Slaidi moja niliyobaki nayo ina matone yanayong'aa, hayakauki. Ni lipoma (uvimbe wa mafuta usio saratani)?

saitolojia:
Huenda. Iangalie kabla ya kupaka rangi, maana methanoli huyeyusha mafuta na kioo hubaki kitupu. Ila mafuta ya kawaida ya chini ya ngozi hutoka hivyo hivyo, kwa hiyo choma sehemu tatu tofauti. Ukipata mafuta tu ilhali uvimbe ni mgumu au umeshikamana na msuli, huenda sindano haikufika penyewe. Kata kipande, hicho ndicho cha kutia fomalini.