YULE BWANA WA KAUNTA YA MWISHO AMEMDHALILISHA BIBI YANGU MBELE ZA WATU!!!

BintiKisauni:
Natoka huko ofisi ya vyeti sasa hivi, mikono yanitetemeka. Sina haja ya kumtaja, nyote mwamjua. Yule wa kaunta ya mwisho, anayenukia udi wa harusi saa mbili asubuhi na kushika kalamu kwa ncha za vidole utadhani kapewa nyoka.

Nilimpeleka bibi kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Kizazi chake walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, vyeti wakavijulia wapi? Tukapanga foleni mpaka walioingia na mimba wakatoka na watoto wanaotembea. Kufika, twaambiwa kila kitu ni eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Sawa. Simu iko wapi? Bibi akafungua fundo la leso, akatoa kabambe yake, kile kisimu cha vitufe. Yule bwana AKAINYAKUA, akaiinua juu foleni nzima iione, akasema:

"Mama mzee, na simu hii wampigia nani, Vasco da Gama?"

Foleni ikacheka. Watu wazima, wenye mama zao, wakacheka!

Vasco da Gama! Mreno wa 1498! Bibi yangu aliyezalisha nusu ya mtaa! Hakumjibu. Aliichukua simu yake akaifunga tena kwenye leso. Kwenye tuktuk njia nzima aniuliza, "Mjukuu wangu, ati nimpigie nani?" Nimjibu nini?

Na hapa ndipo paniumapo. Nyaya za intaneti zinazotoka baharini zapanda nchi kavu hapa hapa kwetu. SEACOM na TEAMS 2009, EASSy 2010, PEACE 2022. Intaneti yakanyaga mchanga wa Mombasa kwanza, ndipo yaenda Nairobi na mpaka Uganda. Yatupita miguuni! Halafu bibi wa Mombasa achekwa Mombasa kwa kukosa smatifoni. Huduma zaidi ya 5,000 za serikali zimehamishiwa huko kwenye mtandao, nani aliuliza wenye kabambe waingie kwa mlango upi? Ameiinua JUU, jamani. Juu kabisa.

NahodhaMtongwe:
Pole sana dada. Lakini hapo kwa Vasco da Gama chai imenitokea puani.

MzeeKibokoni:
Huyo bwana hajui historia. Vasco da Gama na Mombasa hawakupatana, rafiki zake walikuwa Malindi. Bibi angemfuata huko.

BintiKisauni:
Mzee, shikamoo, lakini si wakati wake. Angekuwa mama yako ungecheka?

FundiSimu_MwembeTayari:
Makelele ya nini? Si abonyeze *222#, eCitizen iko hata kwa kabambe.

BintiKisauni:
Haya, wewe fundi, pakia picha ya kitambulisho kwa *222# nikuone! Ile ni menyu ya maandishi, haibebi picha wala stakabadhi. Na hata ingebeba, yeye alitakiwa kumwambia bibi, "Mama, bonyeza hapa." Hakumwambia. ALIIINUA JUU. M-Pesa ilipoanza 2007 ilianza na simu hizi hizi, na pesa zake hakuna aliyezicheka.

FundiSimu_MwembeTayari:
Basi mnunulie smatifoni, uzi ufungwe.

Kijogoo_Bamburi:
Amnunulie kwa bei gani? Walizitia simu za kutoka nje ushuru wa asilimia 10 mwaka 2022. Ukimaliza kununua, waanza bando. Ukimaliza bando, stima imepotea. Nyinyi mafundi ndio mwafurahia, kioo kikivunjika mwatutoza bei ya mbuzi.

FundiSimu_MwembeTayari:
Kioo cha kwako ulikikalia mwenyewe, sote tulikuwepo.

MamaWawili_Jomvu:
Nyinyi mna afadhali. Sisi mwenye akaunti zetu ni yule kijana wa saiba, duka la intaneti. Ya mume wangu, ya mama mkwe, ya jirani, zote kazifungua kwa barua pepe yake na neno siri lake. Kila ukitaka kitu wamlipa yeye akufungulie akaunti YAKO. Sasa kahamia Voi. Simu hapokei. Mama mkwe ana ombi lake ndani ya ile akaunti na mtaa mzima twaitazama barabara ya Voi.

NahodhaMtongwe:
Kwa hivyo serikali yenu iko Voi 😂😂

MamaWawili_Jomvu:
Cheka tu. Siku ukitaka cheti chako utamtafuta.

Mwalimu_Likoni:
Ngojeni niseme na langu. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laputopu. Mwaka 2016 vikaja vishikwambi. Shule niliyokuwa nikifundisha vilitiwa kabatini, ufunguo mfukoni mwa mkubwa, ati watoto wataviharibu. Waliokuwa la kwanza mwaka ule washaingia sekondari. Hawajavishika. Vumbi ndilo lililosoma.

BintiKisauni:
Asante mwalimu, hayo ndiyo nisemayo! Vitu viko, watu wafungiwa mlango, kisha wachekwa kwa kusimama nje. Lakini turudi kwa yule bwana. Nataka aliyekuwa foleni ile ajitokeze hapa, maana mlikuwa wengi.

Kijogoo_Bamburi:
Mwalimu wa Likoni, hebu niambie, feri leo iko vipi? Nina mzigo wa kuvusha jioni.

Mwalimu_Likoni:
Usithubutu. Niko hapa tangu adhuhuri, yavusha moja tu.

MzeeKibokoni:
Moja! Na ile nyingine?

Mwalimu_Likoni:
Imesimama pale kando, watu wamevua mashati wavua samaki juu yake.

BintiKisauni:
Jamani, BIBI YANGU!

NahodhaMtongwe:
Wavua samaki gani hapo? Hapo hapana samaki, ni mafuta matupu.

Kijogoo_Bamburi:
Tasi wapo. Nendeni asubuhi, maji yakiwa yajaa.