Methali kuwa nywila ya chama: yatosha, au tutupe dadu?

Katibu wa chama, Kisauni
Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Chama chetu cha kina mama kimehamisha daftari lote kwenye fleshi: namba za vitambulisho, nani kakopa, nani kamdhamini nani. Fleshi imesimbwa, bila nywila haisomeki. Sasa mweka hazina mpya, msichana mdogo, kasimama kikaoni akasema vyama vyote vinavyotunza taarifa za watu vilazimishwe kutumia maneno yaliyopatikana kwa kutupa dadu. Dadu! Kikao kizima kilicheka. Nywila yetu ilikuwa methali nzima, herufi zaidi ya thelathini. (Tushaibadilisha, msijisumbue.) Tulazimishwe, au tuachwe?

Mwenye saiba, Mwembe Tayari
Muachwe, Bi Katibu. Wateja wangu paswadi zao ni herufi nane, tena jina la mtoto. Nyinyi mna thelathini na mnaambiwa hamjafanya kitu? Mkiona hazitoshi iandikeni kwa Kimvita, "ndia" badala ya "njia". Huyo mdukuzi wa Ulaya ataijulia wapi?

Fundi kompyuta, Tudor
Ataijulia hapo hapo ilipo, yakhe. Methali zetu zimejaa mtandaoni, na kugeuza "nj" kuwa "nd" ni mstari mmoja wa programu. Anayevunja nywila hakisii herufi moja moja. Ana orodha: kamusi, methali, mistari ya taarabu, aya. Tuseme kakusanya methali 10,000. Basi nywila ya Bi Katibu, na herufi zake thelathini, ina nguvu sawa na PIN ya tarakimu nne, kwa sababu PIN nazo ni 10,000 tu. Tena afadhali PIN ya simu. Ukiikosea mara chache inafungwa. Fleshi iliyoibwa haina wa kuifunga. Mwizi anainakili, anakaa nayo kwake, anajaribu usiku kucha.

Dadu si mchezo. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitoa utaratibu uitwao Diceware: orodha ya maneno 7,776, na kila neno lina namba yake ya tarakimu tano. Unatupa dadu mara tano, unapata neno. Hizo 7,776 ni sita zidisha sita mpaka zitimie sita tano, wala hazikuokotwa tu. Maneno manne yanakupa michanganyiko zaidi ya trilioni 3,600, na hapo nimeshamkabidhi mwizi orodha yenyewe mkononi. Nguvu haiko kwenye neno kuwa gumu. Iko kwenye kutochaguliwa na mtu.

Mwenye saiba, Mwembe Tayari
Nimekuelewa, lakini programu za siku hizi si zinaisaga nywila, yaani zinaipitisha kwenye hesabu ile ile mara laki kadhaa, kabla ya kufungua? Hiyo kazi ya nini basi?

Fundi kompyuta, Tudor
Swali zuri, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Nywila si ufunguo. Programu inaichukua nywila, inaichanganya na chumvi, halafu inaisaga mpaka itoke namba ndefu ya biti 256 (sifuri na moja 256 zilizopangwa), na hiyo ndiyo inayosimba. PBKDF2, njia mojawapo ya kusaga, ilipotoka mwaka 2000 ilishauriwa mizunguko 1,000 isipungue. Leo OWASP, shirika la usalama wa programu, wanataka 600,000 ukisaga kwa hesabu iitwayo SHA-256. Argon2, njia nyingine, iliyoshinda shindano la usagaji wa nywila la mwaka 2015, inakula na kumbukumbu ya mashine pia, ili mwenye rundo la kadi za kompyuta za kuchezea gemu asijaribu nywila nyingi kwa mpigo.

Sasa piga hesabu. Tuseme kila jaribio linachukua sekunde nzima. Methali 10,000 zinakwisha kwa chini ya saa tatu, kwenye laptopu moja, huku mwenyewe kalala. Maneno manne ya dadu, kwa mashine milioni moja zikifanya kazi pamoja, ni zaidi ya miaka 110 kuyamaliza. Na ukiongeza neno la tano, ni kama umeifanya kazi nzito mara 7,776. Hakuna anayeweza kuongeza usagaji kiasi hicho. Yeye mwenyewe angesubiri zaidi ya saa mbili kufungua fleshi yake.

Mama wa duka, Kongowea
Hiyo chumvi imewekwa wapi? Na mwizi akiijua?

Fundi kompyuta, Tudor
Imeandikwa wazi kwenye hiyo hiyo fleshi, mama, na haidhuru. Ni namba ya kubahatisha, kila fleshi na yake. Vyama viwili vikiangukia nywila moja, funguo zitatoka tofauti. Mwizi hawezi kusaga methali zote mara moja akazitumia kwa kila mtu. Inabidi aanze upya kwa kila fleshi.

Mwalimu mstaafu, Likoni
Hesabu sina ugomvi nayo, wanangu. Neno langu ni hilo "walazimishwe". Tumeshalazimishwa sana: herufi kubwa, alama, badilisha kila miezi mitatu. Watu wakaandika Mombasa1!, mwezi ukigeuka Mombasa2!. Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwongozo wa mwaka 2003 uliosambaza desturi hiyo, alikiri mwaka 2017 kwamba mengi aliyoyaandika anayajutia, na mwaka huo huo taasisi yake, NIST, inayoweka viwango vya Marekani, ikaacha kuyadai. Leo tunakuja na lazima nyingine?

Halafu kuna kusahau. Kikundi nilichokuwamo kilisimba kumbukumbu zake kwa maneno aliyoyajua mtu mmoja. Alipougua, hakuyakumbuka tena. Hakuna ofisi ya kupiga simu. Michango ya miaka sita ikabaki kuwa takataka kwenye fleshi nzima kabisa, haina hata mkwaruzo.

Mweka hazina, Kisauni
Shikamoo Mwalimu. Ni mimi yule wa dadu. Lazima ninayoisema ni moja tu: maneno asichague mtu. Hakuna alama, hakuna kubadilisha kila robo mwaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tulinde taarifa za watu, na zikivuja kwa namna ya kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Mimi ndiye nitakayeulizwa. Na maneno yaandikwe karatasini, yafungwe kwenye bahasha, mbali na fleshi. Mwizi wa mtandaoni haingii kabatini mwa mtu Kisauni.

Mama wa duka, Kongowea
Wa ndani je? Gaweni maneno nusu kwa nusu, mweka hazina na katibu.

Fundi kompyuta, Tudor
Mkigawa, yawe manane. Yakiwa sita, kila mmoja ana matatu na amebakiza kukisia matatu, na matatu peke yake kwa zile mashine milioni ni kama siku tano na nusu. Wala msifungue kamusi kwa kidole mkadhani mnabahatisha, kidole hupenda kurasa za katikati.

Katibu wa chama, Kisauni
Manane kwangu ni mengi, lakini manne yangu nitayaweza. Bado naogopa bahasha, nyumba yangu ina wajukuu saba. Dadu ya ludo nimeshawanyang'anya. Wanataka irudi kabla ya magharibi.