Vipimo vya damu vinaonyesha mbwa wangu ana kansa ya ini, Jumamosi anachomwa sindano ya mwisho. Nishaurini

Baba Simba
Wakuu, habari za usiku. Nina mbwa anaitwa Simba, dume, chotara wa German Shepherd, miaka 11, kilo 34. Niko Tabata. Miezi miwili sasa tumbo linajaa, manyoya ya mgongoni yanapukutika, anahema hata akiwa kalala kivulini. Nikampima damu. Majibu: vimeng'enya vya ini, ALT juu, ALP juu sana, na kile kipimo cha kansa ya ini, AFP, nacho juu. Rafiki yangu daktari (wa watu) kaitazama karatasi, kasema hiyo kansa ya ini haina mjadala. Hatumii dawa yoyote zaidi ya ya minyoo.
Nimeshaongea na mtu aje Jumamosi saa nne asubuhi amchome sindano ya mwisho. Swali langu moja tu: aanze na ya usingizi au aende moja kwa moja? Sitaki ateseke.

Kupe Nyekundu
Pole mkuu. Kabla ya yote, pima kupe. Ehrlichia na Babesia (vijidudu vinavyoletwa na kupe) ndizo zinazomaliza mbwa wa Dar, na zote mbili zinagusa ini. Tone la damu kutoka ncha ya sikio, tandaza kwenye kioo, paka rangi ya Giemsa, tazama ndani ya chembe nyekundu na nyeupe. Kipimo hicho ni rahisi kuliko hizo AFP zenu.

Kijiweni
Mbwa ana AFP, mimi sijawahi kupima hata presha.

Darubini
Jibu la swali lako: ya usingizi kwanza, kisha kanula (kijibomba) kwenye mshipa wa mguu wa mbele, ndipo pentobabitali, dawa yenyewe ya mwisho. Anayechoma moja kwa moja mbwa mwenye hofu hukosa mshipa.
Sasa swali langu. "Juu" ni ngapi, na juu ya kiwango gani? Andika namba zote, vizio vyote, na mabano ya kiwango cha kawaida yaliyo pembeni. Mishale haisomeki.

Baba Simba
Mkuu karatasi iko kwenye gari. ALP ni elfu moja na kitu. Mshale umepigwa wino mwekundu.

Pumba na Dona
Anakula nini? Kama ni ugali wa pumba au dona la mahindi yaliyovunda, simama hapo hapo. Sumukuvu hailengi binadamu tu. Kenya 2004 waliugua watu 317 wakafa 125, na sisi 2016 tulipata Dodoma na Manyara. Mahindi yakishaonekana mabovu kwa watu yanakwenda kwa mbwa na kuku, na mbwa ndiye dhaifu zaidi kwa sumu ile. Kuchemsha hakuiondoi. Kwenye damu utaona albumini imeshuka, kolesteroli imeshuka, damu inachelewa kuganda, huku ALT wakati mwingine ikipanda kidogo tu. Ndiyo maana watu hupitwa.

Kijiweni
Uzi wa kansa umefika mashineni.

Mzee Chai Kavu
Wakuu, hii chai. Someni taratibu. Mtu anampima mbwa AFP kabla hajampiga hata altrasaundi? Kipimo hicho kwa mbwa kinahitaji kingamwili zinazoitambua AFP ya mbwa, nani anazo hapa mjini? Namba hana, karatasi "iko kwenye gari", na sindano ni Jumamosi ili tumlilie Ijumaa. Mleta uzi weka karatasi au modi afunge.

Baba Simba
Chai ya nini, mkuu? Nimeshuka hadi kwenye gari usiku huu. Nanakili kama ilivyo:
Jina: SIMBA JUMA. Umri: 11. Jinsia: ME.
ALT 88 U/L (hadi 41) JUU
AST 37 (hadi 40)
ALP 1,420 U/L (hadi 390) JUU
GGT 31 (hadi 24) JUU
Bilirubini 4 µmol/L
Albumini 31 g/L
Glukosi 5.4 mmol/L
Kolesteroli 9.1 mmol/L JUU
Potasiamu 4.4, kalsiamu 2.5
Chembe sahani 612 JUU
AFP 9.8 ng/ml (hadi 7) JUU
Mmeridhika? Juma ni mimi. Maabara walitaka jina la pili.

Kijiweni
Simba Juma, darasa la tano B 😂😂

Mzee Chai Kavu
Basi nafuta neno chai. Lakini mnaona nilichokiona? Hayo mabano ni ya binadamu. Mashine imemhesabu kama mtoto wa miaka 11, ndiyo maana hata ALP imepewa nafasi hadi 390. Mtoto anayekua ana ALP ya mifupa.

Darubini
Ahsante, sasa tuna cha kusoma.
ALT 88 si juu. Mashine nyingi zilizowekwa viwango vya mbwa zinaruhusu hadi 100 au zaidi. AST iko sawa. Maana yake seli za ini hazivuji. Albumini, glukosi na bilirubini ziko vizuri, kwa hiyo ini linafanya kazi. Uvimbe mkubwa wa ini wakati mwingine hushusha glukosi hadi mbwa anatetemeka, hapa hakuna.
AFP 9.8 ifute kabisa. Protini hii Abelev aliiona kwenye panya wenye uvimbe wa ini mwaka 1963 kule Moscow, na kwa watu imesaidia sana. Kwa mbwa, kitendanishi cha binadamu hakina uhakika wa kuishika AFP yake, kwa hiyo 9.8 si juu wala chini, ni namba isiyo na mwenyewe. Hata kwa kipimo cha mbwa, kinachotia shaka ya kansa ni mamia ya ng/ml, na homa ya ini ya muda mrefu nayo huipandisha kiasi. Inaongeza shaka au kuipunguza. Haitoi hukumu.
Kinachobaki ni ALP 1,420, GGT kidogo na kolesteroli. ALP imepanda mara saba hivi ya kiwango cha mbwa mzima huku ALT imelala. Na haijapandishwa na uzembe wa tyubu: damu ya tyubu ya zambarau ikichuruzikia kwenye nyekundu, EDTA (dawa ya kuzuia kuganda iliyo kwenye ya zambarau) huishusha ALP, hupandisha potasiamu na kuiangusha kalsiamu. Zako ni 4.4 na 2.5, sampuli safi.
Sura hii kwa mbwa ina jina. Baba Simba, anatumia steroidi?

Baba Simba
Nimeshasema hatumii dawa.

Darubini
Anakunywa maji kiasi gani? Anakojoa ndani usiku? Anakula kuliko zamani?

Baba Simba
Anakunywa ndoo ndogo nzima kwa siku, kama lita nne. Anakojoa barazani, jambo ambalo hakuwahi. Kula anakula sana tu, nikajua kansa inamla ndani kwa ndani.

Sindano Namba 22
Lita 4 kwa kilo 34 ni kama mililita 118 kwa kilo. Kuvuka 100 tayari ni ugonjwa. Mbwa mwenye kansa ya ini iliyokomaa kwa kawaida anakataa chakula. Kiu, njaa, tumbo kama pipa, manyoya kupukutika, kuhema: hiyo ni kotisoli (homoni ya steroidi), ya kwake mwenyewe au ya dukani. Mkuu, alikuwa na mwasho?

Baba Simba
Alikuwa anajikuna, ndiyo. Nilipewa vidonge vya ngozi kwenye duka la dawa za mifugo. Si dawa ya ugonjwa, ni ya kutuliza tu.

Sindano Namba 22
Jina.

Baba Simba
Prednisoloni. Vya miligramu 5, vinne kila asubuhi. Nilinunua kopo zima la vidonge elfu moja, ilikuwa nafuu. Wiki ya kumi na moja sasa. Sikusema kwa sababu mwasho uliisha siku ya tatu, nikajua haihusiani. Na yule rafiki yangu daktari namheshimu, prednisoloni watu wanakunywa miaka na ALP yao haiendi elfu.

Darubini
Rafiki yako kasema kweli kwa watu. Mbwa ana aina ya pekee ya ALP ambayo ini huitengeneza likiguswa na steroidi, na GGT huifuata. Miligramu 20 kwa kilo 34 ni karibu 0.6 kwa kilo, kwa siku 77. Hata matone machache ya steroidi ya wiki mbili hupandisha. Ini linajaa glaikojeni (sukari ya akiba), linakuwa kubwa, unalishika chini ya mbavu na kuliita uvimbe. Kolesteroli inapanda. Chembe sahani (za kugandisha damu) 612 pia steroidi huzipandisha, ingawa nakiri mbwa wengi wenye kansa ya ini nao wanakuwa nazo nyingi, kwa hiyo hiyo sitaitumia upande wowote. Kupe Nyekundu, Ehrlichia ingezishusha.
Kuna maabara hutenganisha ALP ya steroidi kwa kupasha seramu joto la nyuzi 65 au kwa kemikali ya levamisoli. Usipoteze hela: mgonjwa yeyote wa muda mrefu hutoa kotisoli yake mwenyewe na ALP hiyo hiyo ikapanda.

Baba Simba
Lakini ana miaka 11. Nimeshalipa nusu. Watoto wameshamuaga. Nikighairi na ikawa kansa kweli, nitakuwa nimemuongezea mateso kwa maneno ya mtandaoni.

Kijiweni
Simba mwenyewe anakula sahani mbili huko wakati anaagwa.

Sindano Namba 22
Hakuna aliyesema hana kansa. Namba zako haziithibitishi, ndilo lililosemwa. Damu peke yake haitaji kansa ya ini kwa mbwa, hata vile vipimo vipya vya DNA na nyukleosomu (vifurushi vya DNA vinavyoelea kwenye damu) vilivyoingia sokoni Marekani. Vinasema kuna kitu mwilini, mara nyingi haviwezi kusema ni nini wala kipo ini.
Fanya hivi. Altrasaundi, tumbo tupu masaa 12, maji aachiwe, tumbo linyolewe. Mwambie anayepima atazame ini lote na tezi za juu ya figo zote mbili. Ini la steroidi ni kubwa, linang'aa sawasawa, kingo za mviringo, na tezi zote mbili zimenyauka. Vinundu vidogo vidogo visikutishe: mbwa wazee wengi sana wanavyo na si kansa. Uvimbe mmoja mkubwa kwenye pande moja la ini, hapo ndipo tunazungumza lugha nyingine.
Ukikutwa, hesabu ya chembe sahani na muda wa kuganda damu (tyubu ya bluu ijazwe hadi mstari, sehemu moja ya sitreti (ya kuzuia kuganda) kwa tisa za damu, ikipungua majibu yanadanganya), eksirei ya kifua pande tatu, ndipo sindano nyembamba namba 22 ya kuvuta seli. Na hiyo nayo ina kasoro: seli za kansa ya ini iliyotulia zinafanana mno na za kinundu cha uzee, wakati mwingine lazima kikatwe kipande. Kwa shepadi kuna pia uvimbe wa mishipa ya damu, ukiuchoma unavuja, kwa hiyo bandama itazamwe kabla.
Hata ikiwa kansa ya pande moja la ini, si hukumu ya Jumamosi. Kwenye utafiti uliochapishwa 2004, mbwa 42 waliokatwa pande la ini lenye uvimbe, wastani wa kati wa kuishi ulizidi siku 1,460. Ni miaka minne.

Pumba na Dona
SUA Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya chuo. Wapigie kabla ya kusafiri. Na bado hujajibu anakula nini.

Baba Simba
Wali na dagaa. Sawa, Jumamosi nimeisogeza. Vidonge naacha leo hii, kopo nalitupa chooni.

Darubini
USIACHE GHAFLA. Tezi zake za juu ya figo zimelala wiki kumi na moja. Ukikata leo, baada ya siku kadhaa atatapika, ataishiwa nguvu, anaweza kuanguka, na hapo utasema kansa imemmaliza. Mpangilio wa kawaida wa kumpelekea daktari wa mifugo aukubali au aubadilishe: miligramu 15 kila siku kwa wiki mbili, 10 kwa wiki mbili, 5 kwa wiki mbili, halafu 5 siku moja ndiyo moja hapana kwa wiki mbili. Akilegea, rudi kipimo cha nyuma na umpeleke. Asichanganyiwe diklofenaki wala aibuprofeni, tumbo litatoboka. ALP irudiwe wiki sita hadi nane baada ya kidonge cha mwisho, maabara yenye viwango vya mbwa. Altrasaundi usiingoje hiyo.

Sindano Namba 22
Na umwambie wa altrasaundi kuhusu prednisoloni. Kama ni limfoma (kansa ya chembe za kinga), dawa hiyo huzipunguza seli zake na sindano ikatoka mikono mitupu. Ngozi ikwanguliwe pia. Kama mwasho ulikuwa wa utitiri wa ndani ya ngozi, steroidi imeulisha.

Baba Simba
Nimeandika yote. Swali la mwisho wakuu: na yale matone ya masikio nayo yanahesabika?

Darubini
Matone gani?

Baba Simba
Ya kila jioni. Kwenye chupa imeandikwa deksamethasoni na kitu kingine.

Sindano Namba 22
Yanahesabika. Matone mangapi, kila sikio, tangu lini?